Somo wangu Veronika

Jina hili nilipewa na baba. Ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima, yeye akiongoza Njia ya Msalaba, ile sala ya kuyafuata mateso ya Yesu kituo kwa kituo, na kitabu kidogo mkononi, mama akiwa ameketi benchi la nyuma kwa kuwa mimba ilikuwa pevu na kupiga magoti vituo vyote kumi na vinne kulishamshinda. Walipofika kituo cha sita, Veronika anampangusa Yesu uso, uchungu ukamshika mama. Hakutaka kukatiza sala. Alivumilia hadi kituo cha tisa, ndipo akamgusa bega mama aliyeketi mbele yake. Nilizaliwa usiku uleule. Alfajiri baba aliponipakata hakumwuliza mtu ushauri. Alisema tu, "Huyu ni Veronika."

Sisi Wakatoliki mtakatifu ambaye umebatizwa kwa jina lake tunamwita somo wako. Nalipenda sana neno hili. Somo ni mtu mnayeitana jina moja, na somo ni kile unachokaa chini kujifunza. Mimi nimemsoma somo wangu kwa miaka mingi sasa, na kwa muda mrefu nilimsoma vibaya.

Kwenye mafundisho ya Komunyo ya Kwanza katekista wetu alitupitia mmoja mmoja akitueleza maana ya majina yetu. Yohane: Mungu ni mwenye neema. Mikaeli: nani aliye kama Mungu? Petro: mwamba. Alipofika kwangu akasimama kidogo, akasema Veronika maana yake ni "sura ya kweli". Akafafanua kwamba *vera* ni Kilatini, "ya kweli", na *ikoni* ni Kigiriki, "sura" au "picha". Kwamba yule mama alipompangusa Bwana uso, sura yake ilibaki kwenye kitambaa, na tangu hapo mama mwenyewe akaitwa kwa jina la kile alichobaki nacho mkononi. Niliandika maneno hayo kwenye jalada la daftari langu, ndani ya mstatili niliouchora kwa rula. Sura ya kweli. Nilikuwa na miaka tisa na nilijiona nimepewa kitu kizito kuliko wenzangu wote.

Nikakaa na maana hiyo zaidi ya miaka ishirini. Kisha siku moja, nikiwa natafuta jina la mtoto wa dada yangu katika kamusi ya majina ya watakatifu, nikalifungua langu kwa udadisi tu. Kamusi ilisema kwamba asili ya jina Veronika ni jina la Kigiriki, Ferenike, kutokana na *ferein*, kuleta au kubeba, na *nike*, ushindi. Mleta ushindi. Wamakedonia walilitamka Berenike, na kwa Kilatini likaja kuwa Veronika. Habari ya *vera ikoni*, iliandikwa hapo kwa mstari mmoja, ni tafsiri iliyobuniwa baadaye kwa kufuata mlio wa jina.

Nilifunga kile kitabu nikakaa. Siwezi kusema niliumia kama mtu aliyefiwa, lakini kuna kitu kilitoka. Jina nililoombea nalo, nililolitaja mbele ya askofu siku ya kipaimara, lilikuwa jina la malkia wa kipagani. Maana kweli lilikuwa hivyo. Malkia kadhaa wa Misri wa ukoo wa Ptolemayo waliitwa Berenike. Mmoja wao, mke wa Ptolemayo wa Tatu, alikata nywele zake akazitoa nadhiri ili mumewe arudi salama kutoka vitani, na mpaka leo kuna kundi la nyota linaloitwa Nywele za Berenike. Bandari moja ya Bahari ya Shamu iliitwa Berenike, na mji tunaouita Benghazi uliwahi kuitwa hivyo pia. Jina la fahari, la majeshi na meli. Na kitambaa? Kitambaa hakikuwamo.

Basi nikaanza kutafuta. Nataka niieleze njia niliyopita, kwa sababu ndiyo iliyonirudishia jina langu.

Jambo la kwanza: katika Injili zote nne hakuna Veronika. Luka anasema wanawake walimfuata Yesu njiani wakimlilia, naye akageuka akawaambia wasimlilie yeye bali wajililie wao na watoto wao. Hakuna anayetoka kwenye kundi hilo na kitambaa. Nilisoma sura zile za mateso mara mbili, tatu, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni akijua haumo.

Lakini Injili zina mwanamke mwingine. Mathayo, Marko na Luka wote wanaye. Ametokwa na damu miaka kumi na miwili, ametumia mali yake yote kwa waganga wala hakupata nafuu, na kwa sheria ya wakati ule yeye ni najisi: anachokalia ni najisi, anayemgusa ni najisi. Anapenya katikati ya watu, anakuja kwa nyuma, anagusa upindo wa vazi. Damu ikakoma palepale. Yesu anageuka, anauliza nani amemgusa, na mwanamke anakuja akitetemeka kueleza yote. Ndipo anaambiwa: "Binti, imani yako imekuponya, enenda zako kwa amani." Katika Injili hakuna mwanamke mwingine hata mmoja ambaye Yesu alimwita peke yake "Binti". Ila jina lake hatuambiwi.

Wakristo wa zamani hawakuweza kuvumilia jambo hilo, na mimi nawaelewa. Mtu aliyepewa neno la namna ile hawezi kubaki "mwanamke mmoja". Kuna maandiko ya kale yanayoitwa Matendo ya Pilato, ambayo baadaye yalijulikana pia kama Injili ya Nikodemo. Hayamo katika Biblia, Kanisa halikuyapokea kuwa Neno la Mungu, lakini yalisomwa na kupendwa mno kwa karne nyingi. Humo Yesu anahukumiwa mbele ya Pilato na watu aliowaponya wanajitokeza mmoja mmoja kumshuhudia: kiwete anasema, kipofu anasema. Kisha sauti ya mwanamke inasikika kutoka mbali. Ni yeye. Anapaza sauti kwamba alitokwa na damu miaka kumi na miwili, akagusa upindo wa vazi, akapona. Na hapo anatajwa jina: Bernike. Katika nakala za Kilatini, Veronika.

Wanamjibu nini? Kwamba wana sheria, ushahidi wa mwanamke haukubaliki.

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini tena, safari hii kwa sababu nyingine. Kwa hiyo hivi ndivyo somo wangu anavyoingia katika mapokeo ya Kikristo akiwa na jina: mwanamke amesimama mbali, anamshuhudia Yesu mahakamani, na ushahidi wake unakataliwa. Kitambaa hakijaja bado. Kuna sauti tu.

Eusebio, askofu wa Kaisaria aliyeandika historia ya Kanisa katika karne ya nne, anasimulia kwamba huko Paneasi, ule mji ambao Injili zinauita Kaisaria Filipi, palikuwa na sanamu mbili za shaba mbele ya nyumba iliyosemekana ni ya yule mwanamke: mwanamke amepiga magoti amenyosha mikono, na mbele yake mwanamume amesimama akimnyoshea mkono. Anasema aliziona kwa macho yake. Jina la mwanamke hakulitaja, lakini unaona jambo linavyokwenda. Watu hawataki kumwachia. Wanamtafutia nyumba, wanamtafutia sanamu, wanamtafutia jina.

Baada ya hapo masimulizi yanakuwa mengi na sitayafuata yote. Katika mengine Kaisari Tiberio anaugua, anatuma watu Yerusalemu kumtafuta tabibu aitwaye Yesu, wanamkuta ameshasulubiwa, ila wanampata Veronika ambaye ana sura ya Bwana. Anapelekwa Roma, Kaisari anaitazama ile sura, anapona. Ni hadithi, na naichukua kama hadithi. Ninachokiona ndani yake ni kwamba yule aliyeponywa kwa kugusa nguo sasa yeye ndiye mwenye nguo inayoponya. Kanisa la Mashariki lina masimulizi yanayofanana na hayo, ya Mfalme Abgari wa Edesa na kitambaa chenye uso wa Kristo, lakini huko mwanamke hayumo.

Roma ndiko jina na kitambaa vilikofungwa pamoja. Katika Basilika la Mtakatifu Petro palihifadhiwa kitambaa kilichoaminika kuwa na sura ya Bwana, na watu wakakiita kwa jina la mwenyewe, "Veronika". Mwaka 1208 Papa Inosenti III alianzisha maandamano ya kila mwaka: kitambaa hicho kilitolewa basilikani kikapelekwa kwenye Hospitali ya Roho Mtakatifu iliyokuwa jirani, mahali pa maskini na wagonjwa. Nimefikiri sana juu ya ile safari fupi. Wangeweza kuibeba ile sura kwenye ikulu ya mfalme fulani, au kuizungusha uwanjani irudi ndani. Waliipeleka hospitalini.

Mwaka 1300, Papa Bonifasi VIII alipotangaza Jubilei, mahujaji walifurika Roma, na mojawapo ya mambo waliyotaka kuyaona kabla ya kufa ni kitambaa hicho. Mshairi Dante alimchora hujaji wa aina hiyo katika mistari michache: mtu pengine ametoka mbali, Kroatia, anaitazama "Veronika yetu" na njaa yake ya siku nyingi haishibi, anajiuliza moyoni, Bwana wangu Yesu Kristo, Mungu wa kweli, hivi ndivyo sura yako ilivyokuwa?

Ni karibu na miaka ya yale maandamano ya Inosenti, mwanzoni mwa karne ya 13, ndipo padre na mwandishi mmoja, Gerald wa Wales, aliyewahi kufika Roma, aliandika kwamba Veronika ni kana kwamba unasema *vera ikoni*, sura ya kweli. Hapo ndipo lilipotoka lile neno la katekista wangu. Halikutoka kwa wataalamu wa Kigiriki. Lilitoka kwa watu waliosimama mbele ya kitambaa, wakasikia jina, na jina likawaambia kile ambacho macho yao yalikuwa yanakitazama.

Hata tukio lenyewe la njiani, mwanamke kutoka na kumpangusa Yesu uso akiwa amebeba msalaba, lilichelewa kuingia katika masimulizi. Linaonekana wazi kuanzia karibu mwaka 1300. Likapata mahali pake katika ibada ya Njia ya Msalaba. Papa Klementi XII alipothibitisha mwaka 1731 kwamba vituo viwe 14, Veronika alikuwamo, na humo ndimo mama yangu alimkuta.

Nilimpelekea mambo haya padre mmoja mzee aliyewahi kutufundisha Maandiko. Nilimweleza kwa hasira kidogo, nikitarajia ataniambia hayana maana, nisali tu. Nilimwambia pia kwamba mwaka 1991, Ijumaa Kuu, Papa Yohane Paulo II aliongoza Njia ya Msalaba ambayo vituo vyake vyote vimetoka moja kwa moja katika Injili, na kituo cha Veronika hakikuwamo. Kwa hiyo, nikasema, hata Papa alimwondoa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanituma kwenye kabati nilete Biblia, akaniambia nifungue Mwanzo 11, Babeli. Mji uliitwa Babeli, Biblia inasema, kwa sababu hapo Bwana alichafua usemi wa dunia yote. Neno la Kiebrania la kuchafua au kuchanganya linafanana na jina hilo kwa sauti. Lakini Wababeli wenyewe walielewa kwamba jina la mji wao ni "lango la mungu". Akaniambia nifungue Kutoka 2. Binti Farao anamwita mtoto Musa kwa sababu "nalimtoa majini", na Kiebrania kinacheza na neno la kutoa. Ila huyo ni binti wa Misri, na kwa Kimisri mlio huo ni sehemu ya majina mengi, wenye maana ya kuzaliwa, mtoto. Akaniambia tena 1 Samweli 1. Hana anasema amemwita mwanawe Samweli kwa kuwa amemwomba kwa Bwana. Wasomaji wa Kiebrania watakuambia kwamba kuomba kunakaa vizuri zaidi ndani ya jina Shauli, yaani Sauli.

"Basi Musa naye arudishe jina lake?" aliniuliza.

Hakuwa anatania. Alitaka nimjibu, na sikuwa na jibu. Akaniambia kwamba Maandiko hayalifungui jina kama kamusi inavyolifungua, kwa kuchimba mzizi. Yanalisikiliza. Yanalisikiliza mbele ya kile ambacho Mungu amekwisha kukitenda, na yanaandika kile kilichosikika. Hana alikuwa ameomba mpaka kuhani akamdhania mlevi. Angelisikiaje jina la mwanawe pasipo kulisikia ombi lake? Mizizi ya neno ni kweli, na ni vizuri kuijua. Lakini maana ya jina la ubatizo, alisema, ni jinsi waamini walivyolisikia walipokuwa wamepiga magoti. Kuhusu Njia ya Msalaba ya 1991 alisema jambo fupi tu: kusali na Injili peke yake hakumfukuzi mtu, na kituo cha sita kiko palepale kitabuni mwako.

Tangu siku hiyo nimeyachukua maana yote mawili, na nimegundua hayagombani.

Nianze na lile la malkia. Katika Matendo ya Mitume yumo mwanamke mwenye jina langu, jina lilelile kwa asili: Bernike, dada yake Mfalme Agripa. Sura ya 25 inasema aliingia pamoja na Agripa kwa fahari nyingi, pamoja na majemadari na wakubwa wa mji, wakaketi, na Paulo akaletwa mbele yao akiwa mfungwa. Alimsikiliza Paulo mpaka mwisho. Akasimama na wenzake, wakatoka pembeni wakasemezana kwamba mtu huyu hakutenda neno la kustahili kufa wala kufungwa. Kisha wakaondoka, na Paulo akabaki na minyororo yake. Ndiye Bernike ambaye Biblia inatupa. Bernike wa pili, yule wa mapokeo, anapiga kelele kutoka mbali kumtetea mfungwa na hakubaliwi. Au anapita katikati ya askari na kumpangusa. Jina moja, mleta ushindi. Mmoja alikuwa na nafasi mbele kabisa, akaona kwamba mtu hana hatia, akaenda zake. Mwingine hakuwa na nafasi popote. Nikilisoma jina hilo kati ya wanawake hawa wawili, neno *ushindi* haliniumizi tena.

Sasa sura ya kweli. Hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Ukiulizwa kuchagua sura ya kweli ya Kristo, ungechagua ipi? Mimi ningechagua ile ya mlimani, uso wake uking'aa kama jua, mavazi meupe. Au ile ya alfajiri ya Pasaka. Kanisa liliposikia "sura ya kweli" katika jina langu, lilichagua uso uliotemewa mate. Uso wenye miiba juu yake, jasho, vumbi, damu inayoganda kwenye nyusi. Isaya alikwisha kusema kwamba hana umbo wala uzuri, na kwamba ni kama mtu ambaye watu humficha nyuso zao. Usiku ule Petro, mwamba mwenyewe, aliyekuwa ameuona uso uking'aa mlimani, aliulizwa kuhusu mtu huyu akasema simjui. Na ilikuwa kweli kwa namna ya kutisha: sura ile hakuijua. Aliyejua kwamba ile ndiyo yenyewe, wasimulizi wanasema, ni mama mmoja mwenye kitambaa.

Paulo aliandika kwa Wakolosai kwamba Kristo ni mfano wa Mungu asiyeonekana, na neno alilotumia kwa Kigiriki ni lilelile, *ikoni*. Kwa hiyo ukifuata jina langu hadi mwisho, linasema kwamba Mungu asiyeonekana alionekana, na alionekana kweli, pale watu walipokuwa wanageuza macho. Sijui jina jingine linalobeba mzigo kama huo katika herufi nane. Nasema hivyo bila kujivuna, maana sikulichagua.

Wapo waliolichagua. Msichana wa Italia aliyeitwa Orsola Giuliani aliingia utawani mwaka 1677, akachukua jina la Veronika, akaishi nalo hadi alipofariki mwaka 1727, akiyatafakari mateso ya Bwana kiasi kwamba madonda ya Yesu yalionekana mwilini mwake. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 1839. Huyu naye ni somo wangu, na mwenye kumbukumbu za maisha zinazojulikana, tofauti na yule wa kwanza. Namheshimu sana. Lakini nikipiga magoti huwa naenda kwa yule wa kitambaa.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2158, inasema kwamba Mungu humwita kila mmoja kwa jina lake, kwamba jina la kila mtu ni takatifu, na kwamba jina ni ikona ya mtu. Nilipolisoma neno hilo, ikona, nilicheka peke yangu kwa furaha. Kumbe si jina langu tu. Kila jina lililotamkwa juu ya maji ya ubatizo ni *vera ikoni* ya mwenye nalo, linaomba heshima ileile ambayo uso unaiomba.

Katika Basilika la Mtakatifu Petro, kwenye mojawapo ya nguzo nne kubwa zinazobeba kuba, imesimama sanamu ya Veronika iliyochongwa na Francesco Mochi katika karne ya 17. Nimeiona kwenye picha tu. Wenzake kwenye nguzo nyingine wamesimama. Yeye anakwenda mbio. Nguo zimepepea, mdomo uko wazi, kitambaa kimetanda mbele yake kwa mikono miwili. Wengine waliilaumu wakisema mtakatifu hapaswi kukimbia. Kwangu ni sawasawa kabisa. Hakuna anayempangusa mtu uso kwa wakati wake wa ziada. Juu ya sanamu hiyo kuna roshani, na kila mwaka Jumapili ya tano ya Kwaresima masalia ya kitambaa huonyeshwa hapo kwa muda mfupi, kwa baraka. Walioona husema hakuna linaloonekana waziwazi.

Mwaka juzi baba alipata kiharusi. Upande wa kulia ulikufa ganzi, maneno yakapotea, kisha yakaanza kurudi machache machache, na majina ndiyo yaliyokuwa ya mwisho. Alinijua kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Zaidi ya hapo sikuwa na hakika.

Muuguzi alinifundisha kumnawisha uso, kwa sababu mimi nilikuwa nasugua kama ninayesafisha meza. Alisema unaanza na macho, maji matupu bila sabuni, unatoka kona ya puani kwenda nje, na jicho la pili unalipangusa kwa upande mwingine wa kitambaa, usirudie uleule. Halafu paji, mashavu, nyuma ya masikio, shingo. Unakausha kwa kugandamiza polepole, huvuti. Na mdomo, upande ule uliolegea, ambako mate yalikuwa yanatiririka na yeye mwenyewe hakuyasikia, unapapangusa mara kwa mara bila kumwonyesha kwamba umeona.

Nilifanya hivyo kila asubuhi. Mwanzoni alikuwa anageuza uso ukutani. Alikuwa mtu wa kunyoa kila siku, mtu wa kola iliyopigwa pasi, na hakutaka kuonwa vile. Wiki zikapita, akaacha kugeuza. Siku moja nikimaliza nilikitazama kitambaa kabla ya kukitumbukiza majini. Kilikuwa na unyevu, tongo kidogo, na doa la uji wa asubuhi. Nilikitazama kwa muda. Sikutegemea kuona kitu, lakini nilikitazama. Kisha nikainua macho nikamtazama yeye, na alikuwa ananiangalia.

"Asante, binti," alisema.

Alisema kama unavyomwambia msichana yeyote aliyekupisha njia. Nikaitikia. Akaendelea kuniangalia, kama anayejaribu kuvuta kitu kutoka mbali.

"Unaitwa nani, binti?"

"Veronika."

Alinyamaza. Mkono wake wa kushoto, ule mzima, uliinuka kidogo juu ya shuka na vidole vikakunjika, kama vimeshika kitabu kidogo.

"Cha sita," akasema.

"Ndiyo, baba. Cha sita."

Akafumba macho. Nikakisuuza kitambaa, nikakikamua, nikarudi kumalizia shingo.